Nakala Isiyopungua Hata Baiti

Watu wengi mjini Bukoba humpima fundi wa kompyuta kwa kasi. Anayekurudishia laptopu kabla hujamaliza soda ndiye bingwa. Mimi namheshimu zaidi yule anayekuambia uiache hadi kesho, kisha anaegemea kiti na kutazama namba zikipanda polepole kwenye skrini nyeusi. Ukimwona utadhani hana kazi. Hagongi, halehemu, wala hana bisibisi mkononi. Ananakili diski yako nzima, sekta kwa sekta, mpaka iwe faili moja, na hagusi kitu kingine kwenye mashine hiyo hadi faili litimie.

Faili hilo ni taswira ya diski. Madukani, kuanzia Kashai hadi Rwamishenye, huitwa ISO tu, hata pale ambapo si ISO. Ukilipachika, kompyuta huamini imewekewa CD, DVD au diski ngumu ya pili. Herufi mpya ya kiendeshi hujitokeza, unaifungua na kusoma, ilhali hakuna ulichochomeka. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 jambo hilo hufanyika kwa kubofya mara mbili. Kabla ya hapo ulihitaji programu ya pembeni, kama Daemon Tools au Alcohol 120%, na vijana wa wakati huo waliipakia kabla hata ya kupakia antivairasi.

Kunakili mafaili na kutengeneza taswira ni mambo mawili, na mtu wa Kagera hahitaji maelezo marefu kuyatenganisha. Kunakili mafaili ni kuingia kibanjani, kukata mikungu miwili ya ndizi na kuondoka nayo. Kutengeneza taswira ni kuhamisha kibanja chenyewe: migomba, mibuni iliyo chini yake, nyasi za matandazo, milamula ya mpakani na makaburi ya mababu. Diski ina vitu ambavyo mwenyewe hajawahi kuviona na hatavikumbuka akiulizwa: sekta zinazoiwezesha kuwaka, jedwali la kugawa sehemu zake, mafaili yaliyofutwa ambayo bado yamelala chini. Asiyevichukua hivyo ataondoka na picha za harusi na kuiacha mashine haiwaki.

Tuangalie CD ya kawaida ya dakika 80. Kila sekunde yake ina sekta 75, kwa hiyo diski nzima ina sekta 360,000. Kila sekta ina baiti 2,352, lakini kwenye diski ya data baiti 2,048 ndizo zako. Zile 304 zinazobaki ni za ulinzi: 12 za kuonyesha sekta inapoanzia, 4 za anwani, nyingine za kugundua na kurekebisha makosa. Zidisha 360,000 kwa 2,048 upate baiti 737,280,000, ndizo zile MB 700 zilizoandikwa juu ya jalada. Faili la ISO huzichukua hizo 2,048 kwa mfuatano wake, sekta baada ya sekta, tupu na zilizojaa, bila kuchagua.

Fundi ninayemtembelea, mwenye chumba chembamba karibu na soko kuu, ana tabia moja ninayoipenda. Akiletewa faili lenye jina la ISO, haliamini jina. Hulifungua kwa programu inayoonyesha baiti zenyewe, anashuka hadi nafasi ya 32,769 na kutafuta herufi tano: CD001. Sekta 16 za mwanzo kwa kawaida huachwa kwa matumizi ya mfumo, na utambulisho wa diski huanza baada yake. Zile herufi zikiwepo anaendelea. Zisipokuwepo, ameletewa kitu kingine kilichovalishwa jina, na kazi inarudi kwa mwenyewe kabla haijaanza.

Mpangilio huo wa CD ulizaliwa hotelini. Novemba 1985 wahandisi wa kampuni zilizokuwa zikishindana walikutana katika hoteli ya High Sierra, kando ya Ziwa Tahoe huko Marekani, wakakubaliana namna moja ya kupanga mafaili kwenye CD. Mwaka 1988 makubaliano hayo, yakiwa yamerekebishwa, yakawa kiwango cha ISO 9660. Mwaka 1995 ukatangazwa utaratibu wa kuiwasha kompyuta kwa CD, ukaitwa El Torito, jina la mkahawa wa California. Sijui kama kuna fundi Bukoba anayejua kwamba kila anapopiga Windows kwa CD anatumia kitu chenye jina la mkahawa, na wala hahitaji kujua, ila mimi hunifurahisha.

Mambo hubadilika CD ya kwaya inapoletwa. Kagera ina kwaya nyingi, za Kikatoliki na za KKKT, na katika miaka ya 2000 nyingi zilirekodi kwenye CD za kuchomwa. Diski ya muziki haina mafaili. Ina mkondo wa sauti tu: sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli baiti nne kwa spika mbili, jumla baiti 176,400. Gawanya kwa 75, unapata 2,352 kamili. Sekta nzima imejaa sauti, hakuna nafasi iliyobaki kwa ule ulinzi wa ziada wa diski ya data. Ndiyo sababu mkwaruzo ambao ungevumilika kwenye CD ya data husikika kama mkatiko katikati ya pambio. Na ndiyo sababu diski ya muziki haiwezi kuwa ISO. Inahitaji mafaili mawili: BIN, lenye sauti yote, na CUE, karatasi ndogo ya maandishi inayosema wimbo wa kwanza unaanzia dakika ngapi, sekunde ngapi na sehemu ya ngapi ya sekunde katika zile 75.

Wateja karibu wote huomba MP3 kwenye flashi, wapige kwenye gari. Fundi huwapa MP3. Halafu, bila kuulizwa wala kulipwa zaidi, hutengeneza BIN na CUE na kuvihifadhi, kwa kuwa MP3 imekwisha kutupa sehemu ya sauti na haitaipata tena, na kwa kuwa diski iliyochomwa hutegemea tabaka la rangi linalofifia. Mji huu hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. CD zilizokaa kwenye mifuko ya plastiki ndani ya kabati la sebuleni hugandana, gundi ya lebo huvimba, ukungu huingia pembeni. Mwanakwaya anadhani ana diski mpaka siku anapoihitaji.

Lakini ufundi wenyewe huonekana diski ngumu inapougua. Hapo ndipo nimejifunza kukaa kimya nikitazama.

Mwalimu mmoja alikuja kutoka Muleba, safari ya zaidi ya kilomita 60, na kompyuta ya shule ameipakata kwenye basi. Ilikuwa inatoa mlio wa kugonga kila inapowashwa.

"Fundi, niwashie tu niyatoe matokeo ya kidato cha pili. Nayahitaji Jumatatu."

"Mwalimu, tukiiwasha ndipo tutayapoteza. Niachie, waitu."

Mwalimu hakufurahi, na nilimwelewa. Ila fundi alikuwa na sababu. Windows inapowaka huandika: kumbukumbu za matukio, mafaili ya muda, masasisho. Tena diski iliyoumia ikilazimishwa kusoma sehemu mbovu hurudia na kurudia, na kila kurudia ni kichwa cha kusomea kikipita juu ya mahali palipokwaruzika. Mashine inaweza kufa katikati ya jaribio la kumi la kusoma faili moja ambalo wala hukulitaka. Kwa hiyo aliitoa diski, akaiunga kwenye kompyuta yake ya Linux bila kuipachika, akaiambia isome tu.

Programu aliyotumia ni GNU ddrescue, kazi ya Antonio Díaz Díaz, ambayo imekuwepo tangu 2004. Akili yake iko katika mpangilio wa kazi. Programu ya kawaida ya kunakili huanza sekta ya kwanza kwenda ya mwisho, ikikwama inakwama. Hii hupita kwanza ikichukua kila kinachosomeka kwa urahisi. Ikigusa sehemu mbovu inaruka mbali, inaendelea mbele, na kuweka alama ya mahali ilipoacha. Ikimaliza, inarudi kwenye kingo za zile sehemu mbovu na kuzipunguza kutoka pande zote mbili. Kisha inaingia ndani na kukwangua sekta moja moja. Mwishoni kabisa, ukitaka, inajaribu tena zile zilizokataa. Kilicho rahisi kimeshaokolewa kabla ya kuhatarisha chochote kwa ajili ya kilicho kigumu. Diski ya GB 500 ina sekta 976,773,168 za baiti 512. Ikiwa nzima na inasoma MB 60 kwa sekunde, inamalizika kwa saa mbili na dakika ishirini hivi. Ikiwa mgonjwa, inaweza kuchukua siku kadhaa, na hakuna wa kuiharakisha.

Zile alama huandikwa kwenye faili dogo la ramani. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuliona ni jambo la ziada. Hapa ni uhai. Kwa miaka mingi umeme wa Kagera ulitoka Uganda, kwa njia ya Masaka hadi kituo cha Kyaka, na huko ukiyumba, sisi tulikaa gizani. Radi za upande wa ziwa nazo hazingoji mtu amalize kazi. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, programu ya kawaida inakuanzisha upya, na kuanza upya juu ya diski inayokufa ni kuiua. Ramani inajua ilipofika. Umeme ukirudi, fundi anaandika amri ileile, na kazi inaendelea kutoka sekta iliyofuata. Usiku wa kompyuta ya mwalimu umeme ulikatika. Fundi alifunga duka akaenda kulala.

Taswira ilipokamilika zilibaki sekta chache zisizosomeka. Angeweza sasa kuingia na kutafuta matokeo ya kidato cha pili. Hakuingia. Alirudufu ile taswira kwanza, akaiweka ya asili pembeni, akafanya upasuaji kwenye rudufu kwa TestDisk, programu ya Christophe Grenier inayotafuta jedwali la diski lililopotea na kulijenga upya. Akikosea kwenye rudufu, anaifuta na kuchukua nyingine. Diski yenyewe ilikuwa tayari kwenye bahasha yenye jina la shule, na haikuwashwa tena. Mwalimu alipata jedwali lake la matokeo kabla ya Jumatatu, akauliza bei, akashangaa kwamba fundi anataka kulipwa kwa kazi ambayo kompyuta ilijifanyia yenyewe.

Swali hilo la bei husikika kila mahali kazi hii inapofanyika, na nadhani linatokana na jambo moja: kazi nzuri hapa haiachi alama. Seremala anakuonyesha kabati. Huyu anakuonyesha vitu vyako mwenyewe, vilevile vilivyokuwa, na anatakiwa kulipwa kwa sababu havijabadilika.

Itajulikanaje kwamba havijabadilika? Kwa namba. Faili la ukubwa wowote, hata la GB 500, ukilipitisha kwenye hesabu ya SHA-256 linakupa mstari wa tarakimu na herufi 64. Badilisha biti moja ndani ya faili, mstari wote unakuwa mwingine. Kwenye Linux amri ni sha256sum, kwenye Windows kuna certutil, zote zinakuja na mfumo bila kununuliwa. Wako mafundi wanaolinganisha herufi nne za mwanzo na nne za mwisho kwa macho na kuridhika. Wa kwangu huiachia mashine ilinganishe zote 64, na mstari huo huunakili kwa mkono kwenye kaunta buku lake, mbele ya jina la faili na tarehe. Kaunta buku haliambukizwi virusi.

Kuhusu majina nina ukali kidogo. Nimeona diski za nje, za watu wenye vyeti, zikiwa na mafaili yanayoitwa "windows mpya", "windows mpya 2" na "hii ndiyo". Mwaka mmoja baadaye hata aliyeyaita hivyo hajui lipi ni lipi, na anaogopa kufuta lolote. Jina zuri la taswira linasema ni kitu gani, toleo gani, biti 32 au 64, lugha gani, tarehe gani. Linachosha kuandika. Linamwokoa mtu atakayelifungua akiwa na haraka, na mara nyingi mtu huyo ni wewe. Kufuta nako ni sehemu ya kazi: taswira ya zamani ambayo namba yake haipo kwenye daftari na hakuna anayeijua inakula nafasi ya nyingine inayohitajika.

Kaunta buku lina safu moja zaidi: nakala ya pili iko wapi. Tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa huu. Liliua watu, likabomoa nyumba kwa maelfu, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa uharibifu. Tangu siku ile sijahitaji kumweleza mtu wa Bukoba kwa nini nakala iliyo juu ya meza ileile, kwenye chumba kilekile, haihesabiki. Diski ya pili ya fundi huyu inakaa kwa ndugu yake Kamachumu, na kila baada ya muda anakwenda na nyingine na kurudi na ile, akizilinganisha kwa zile herufi 64.

Zamani taswira moja ilikuwa mali. Nyaya za baharini zilianza kutua Dar es Salaam mwaka 2009, SEACOM kwanza, kisha EASSy mwaka 2010, na ilichukua muda kwa neema hiyo kufika ng'ambo hii ya ziwa. Kabla yake intaneti ya hapa ilikuwa ya setilaiti. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ile CD ya MB 700 inataka zaidi ya saa 25, bila mtu mwingine kufungua hata barua pepe, na umeme usikatike. Hakuna aliyeipakua. Ilikuja kwa posta. Kati ya 2005 na 2011 kampuni ya Canonical ilituma CD za Ubuntu bure kwa yeyote aliyeomba, popote duniani, na sanduku la posta lilitosha. CD moja ikifika mtu aliigeuza taswira siku hiyohiyo, na kuanzia hapo haikuwa na haja ya kukwaruzika.

Leo bando linatosha kupakua Windows 11 nzima, ambayo ISO yake imepita GB 5, ingawa bado linauma. Na hapo wengi hukutana na ukuta ambao hawakuutarajia. Flashi nyingi hutoka dukani zikiwa zimefomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haiwezi kubeba faili moja linalofikia baiti 4,294,967,296. Mtu ana flashi ya GB 32, tupu, na kompyuta inamwambia faili ni kubwa mno. Anairudisha dukani akisema ni feki. Rufus, programu ya kuandaa flashi iliyoanza 2011, ilipata njia ya kupita hapo. Ventoy, ya mwaka 2020, ilifanya jambo jepesi zaidi: unaitayarisha flashi mara moja tu, halafu unatupia ndani yake ISO nyingi upendavyo, nzima nzima, na kompyuta ikiwaka inakuuliza unataka ipi. Fundi aliyekuwa akitembea na mkoba wa CD sasa ana flashi moja kwenye funguo za pikipiki, na ndani yake kuna Windows mbili, Linux tatu na vifaa vyote vya uokoaji.

Flashi hiyo ndiyo inayokwenda Muleba. Nimeongozana nayo hadi kwenye maabara ya sekondari moja, kompyuta za msaada, za miaka na kampuni tofauti, baadhi zina diski za GB 160, baadhi 250, chache 500. Kazi ilikuwa kuzifanya zote zifanane. Fundi mwenye pupa angekaa kwenye nzuri kuliko zote, aitengeneze vizuri, kisha aanze kuigawa. Angekwama kwenye mashine ya pili, kwani Clonezilla, programu iliyotengenezwa Taiwan kwa ajili ya kazi hii hasa, kwa kawaida haikubali kumwaga taswira kwenye diski ndogo kuliko ile ilikotoka. Wa kwangu alitafuta diski ndogo kuliko zote chumbani na kuifanya hiyo kuwa mfano. Uamuzi wa dakika moja, ambao sijauona kwenye mafunzo mengi ya kompyuta.

Aliusafisha mfumo, akaweka programu za ofisi, akaweka Kiwix, programu ya kusomea bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili ndani, kwa kuwa shule haina intaneti ya kutegemea na visiwani Bumbire na Goziba, vilivyo ndani ya wilaya hiyohiyo, hali haipishani sana. Kabla ya kuchukua taswira aliuondolea mfumo utambulisho wake, ili kila mashine ikiwaka mara ya kwanza ijipatie wake. Asiyefanya hivyo atakuwa na kompyuta zote zenye jina moja, na siku ya kuziunganisha kwa mtandao zitagombana. Clonezilla nayo ilinakili sehemu zilizotumika tu, ikazikandamiza, na taswira ya diski nzima ikakaa kwenye faili ambalo flashi ya kawaida inalibeba. Jioni chumba kizima kilikuwa na skrini zinazofanana, kila moja na jina lake limeandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye utepe. Taswira ya mfano iliachwa shuleni, kwenye diski ndani ya kabati la mkuu wa shule. Virusi vikiingia, na vitaingia, mwalimu mwenyewe atairudisha mashine ilivyokuwa.

Kuna upande mwingine wa ufundi huu nisioufahamu kwa vidole vyangu lakini nautazama kwa heshima, nao ni kuihamisha kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. Ofisi moja ilikuwa na programu ya mishahara iliyoandikwa enzi za Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. Aliyeiandika hapatikani, na mashine yake ilikuwa inazima ovyo. Fundi alitumia Disk2vhd, kazi ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell ya mwaka 2009, akaigeuza diski yake kuwa faili, kisha akaliwasha faili hilo ndani ya VirtualBox kwenye kompyuta mpya, akiwa ameikatia intaneti. Mhasibu akaona dirisha lenye vilima vya kijani na anga la XP, akaingiza neno la siri lilelile, akaendelea na mshahara.

Diski za namna hiyo zina hila yake. Ndani diski inajiona ni ya GB 80, nje ni faili dogo linalokua kadiri linavyojazwa. Likiendelea kukua hadi diski halisi ijae, kila kitu kinasimama, mara nyingi mwisho wa mwezi. Tena kuna kupiga picha ya hali: unaigandisha diski ilivyo leo, na mabadiliko yote yanaandikwa kwenye faili la pembeni. Ni msaada mkubwa kabla ya kujaribu kitu cha hatari. Ila faili la pembeni halina maana bila la chini yake, na asiyejua hulifuta la chini kwa kuona ni la zamani. Nimesikia hadithi hiyo mara nyingi mno kuamini kwamba ni ya mtu mmoja.

Sitajifanya sijui kwamba ISO nyingi zinazozunguka mjini ni za wizi. Windows iliyochezewa ili isidai leseni, yenye vitu vilivyoongezwa ambavyo hakuna aliyeviorodhesha, ndiyo inayopigwa kwenye mashine nyingi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta sawasawa na inavyolinda nyimbo. Mtu anaweza kuwa na mkono mzuri na bado akauza kitu kibaya. Mimi nina hoja ya karibu zaidi kuliko sheria: taswira iliyochezewa haina namba ya kulinganisha na ya mtengenezaji. Fundi hawezi kuapa juu yake. Yule wa karibu na soko hupakua kutoka kwa mtengenezaji, hulinganisha, na mteja asiyetaka kununua leseni humwonyesha Linux. Wengine huondoka kwenda duka la jirani. Anawaacha waende.

Zipo diski za kuokoa mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ikiwa unayo CD iliyochomwa yenye programu hiyo, au diski ya Ubuntu ya posta, au rekodi ya kwaya ya kigango chenu, usiitie kwenye kompyuta kuona kama bado inasoma. Ipeleke kwa fundi anayejua kungoja, wiki hii kabla ya mvua. Kama ni ya muziki, dai BIN na CUE pamoja na hizo MP3. Kwa yoyote ile, dai mstari wa herufi 64 ulioandikwa kwenye karatasi, na umlipe anachotaja.